Jedwali la mechi za vyuo Marekani: namba zipi bado zina kazi?

Mechi ya futiboli ya Marekani inayoanza saa moja unusu jioni kwa saa za New York, huku Kisumu ni saa nane unusu usiku. Saa za kule zikirudishwa nyuma Novemba, inakuwa tisa unusu. Ndiyo maana mashabiki wengi wa huku huifuata Jumapili asubuhi kwenye jedwali la takwimu. Ni la bure na bando dogo linatosha. Ila linataka msomaji mjanja.

Udhaifu wake mkubwa uko kwenye yadi za kukimbia. Katika NCAA (mashindano ya vyuo), kwotabeki, yaani mchezaji anayerusha pasi, akiangushwa kabla ya kurusha, yadi alizopoteza hukatwa kwenye mbio za timu. NFL, ligi ya kulipwa, huzikata kwenye pasi, na hapo ndipo wanaofuata ligi zote mbili huchanganyikiwa. Tuseme jedwali linaonyesha mbio 35, yadi 115: wastani ni 3.3, timu inaonekana goigoi. Shuka hadi sehemu ya walinzi wa wapinzani. Ukikuta wamemwangusha kwotabeki mara 5 kwa hasara ya yadi 35, toa hizo 5 kwenye mbio na urudishe hizo yadi. Sasa ni mbio 30, yadi 150, wastani 5.0. Wakimbiaji hawana kosa. Lawama itafutwe kwenye ulinzi wa kwotabeki.

Jumla ya yadi peke yake hudanganya pia. Yadi 480 kwa michezo 96 (mchezo hapa ni shambulio moja moja, si mechi) ni 5.0 kwa kila mchezo; yadi 390 kwa michezo 60 ni 6.5, na hao wa pili ndio walioshambulia vizuri zaidi. Muda wa kumiliki mpira uruke tu, kwa sababu timu inayocheza haraka hufunga na kurudisha mpira mapema.

Kwenye mpira ulioponyoka, “4-3” maana yake umeponyoka mara 4, wakaupoteza mara 3. Tazama 4. Nani anaudaka ukishadunda ni bahati zaidi ya ustadi, hata mashabiki wa raga wa Nakuru na Kakamega wanajua mpira wa umbo lile haudundi kwa adabu.

Kinachokosekana kabisa ni kiwango cha mafanikio. Utakihesabu mwenyewe kwenye orodha ya mchezo kwa mchezo: timu ina majaribio manne ya kusonga yadi 10, basi jaribio la kwanza lilete angalau asilimia 50 ya yadi zinazohitajika, la pili 70 ya zilizobaki, la tatu na la nne zote zilizobaki. Kazi ya kuchosha kidogo, lakini kalamu na karatasi vinatosha.

Na kabla ya kulaumu walinzi, angalia kama kulikuwa na muda wa nyongeza, maana katika vipindi vyake viwili vya kwanza kila timu huanzia yadi 25 tu kutoka mstari wa goli na alama zote huingia jedwalini. Texas A&M iliishinda LSU (chuo kikuu cha jimbo la Louisiana) 74-72 mwaka 2018, enzi ambazo kila kipindi cha nyongeza kilianzia hapo; robo nne zilipokwisha, ilikuwa 31-31.