Huduma ya ICGEM kwa anayechunguza kratoni ya Tanzania

Kwa miezi kadhaa sasa nimekuwa nikitumia huduma ya ukokotoaji ya ICGEM, kituo cha kimataifa cha modeli za uvutano wa Dunia kinachoendeshwa na taasisi ya sayansi ya Dunia ya GFZ mjini Potsdam, Ujerumani, kuchora ramani za nguvu ya uvutano juu ya kratoni ya Tanzania, yaani lile pande la miamba yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5 ambalo matawi mawili ya Bonde la Ufa yamelizunguka bila kulipasua. Huduma hii ni ya bure na haidai kujisajili. Mtumiaji huchagua modeli, yaani maelezo ya kihisabati ya uvutano wa Dunia nzima, huandika mipaka ya longitudo na latitudo, hutaja umbali kati ya nukta na nukta, kisha husubiri kidogo. Kinachorudi ni faili la maandishi ambalo mwanzoni mwake limeorodhesha kila alichoomba, hivyo hata akilifungua mwakani hatajiuliza namba zile zilitoka wapi. Faili ni jepesi, na hilo si jambo dogo kwa sisi tunaonunua bando kwa siku.

Ramani yangu ya kwanza ilinipendeza kupita kiasi. Nilichagua modeli ya EGM2008, ambayo hufika digrii 2190 (digrii ikiwa kubwa, modeli huonyesha vitu vidogo zaidi), sawa na kuona vitu vya upana wa kilomita 9 hivi, na kila kilima cha uwanda wa kati kikajitokeza. Tatizo ni kwamba kwa sehemu kubwa ya Afrika waundaji wa modeli hiyo hawakuwa na vipimo vya ardhini vya kutosha, wakajaza mapengo kwa kukokotoa uvutano kutokana na sura ya nchi. Kwa hiyo nilikuwa natazama milima ileile niliyokwisha kuiona kwenye ramani ya kawaida, ikiwa imevaa miligali, yaani vipimo vya uvutano. Siku hizi natumia modeli nyingine, EIGEN-6C4, yenye data za GOCE, setilaiti ya kupima uvutano iliyorushwa mwaka 2009 na kuzunguka kwenye kimo cha kilomita 255 hivi, na naikata karibu na digrii 200, ambako kila kinachosalia ni kipana kuliko kilomita 100 hivi lakini kimepimwa kweli. Ieleweke pia kwamba anomali ya Bouguer wanayotoa, yaani uvutano uliosalia baada ya kuondoa mchango wa miamba iliyo juu ya usawa wa bahari, ni ile sahili, isiyosahihisha mabonde na miinuko ya jirani. Kwenye kingo za Bonde la Ufa namba zake zisichukuliwe kama zilivyo.

Hata hivyo, mwenye kutafuta mzizi wa kratoni, yaani sehemu yake inayoshuka chini sana ardhini, hataupata kwa uvutano peke yake. Mzizi huo ni wa baridi, na ubaridi huongeza uzito. Lakini kuyeyuka kwa zamani sana kuliuondolea sehemu ya chuma chake, jambo lililoupunguzia uzito, na athari hizo mbili hukaribia kufutana. Mawimbi ya mitetemo hayadanganyiki hivyo. Mwaka 1994 na 1995 vipimamitetemo 20 vilitandazwa nchini Tanzania, na data zake ziko wazi kwenye hifadhi iliyojulikana kama IRIS, ambayo leo imo chini ya EarthScope. Mistari michache ya ObsPy, programu ya kushughulikia data za mitetemo, inatosha kuzipakua. Ukichambua tetemeko la mbali lililonaswa katikati ya kratoni, takriban sekunde 5 baada ya wimbi la P, lile linalofika kwanza, kuna kivimbe kidogo: ni wimbi lililobadilika aina lilipovuka Moho, mpaka kati ya ganda la Dunia na tabaka la chini yake, ambao hapo uko kina cha kilomita 37 hadi 42. Mawimbi yanayosafiri kwenye uso wa ardhi nayo huonyesha mwamba unaopitisha mitetemo kwa kasi hadi zaidi ya kilomita 150 chini, jambo ambalo almasi za mgodi wa Mwadui, ulio ndani ya kratoni, zilikuwa zimelishuhudia zamani, kwa kuwa almasi hukomaa kwenye kina kama hicho.

Utaratibu ninaoutumia ni kuuweka Moho pale mitetemo iliposema, kuondoa mchango wake kwenye miligali za ICGEM, kisha kusoma masalio, ambayo kwa uzoefu wangu ndiyo yenye maneno. Ningefurahi iwapo ukurasa wa kuombea data ungepaka rangi tofauti maeneo ambayo modeli ilijazwa kutokana na sura ya nchi. Taarifa hiyo imo katika maelezo ya modeli, ila mgeni hufika huko akiwa ameshachapisha ramani.