Uzoefu Wangu na Vichekesho Vitatu vya Watu Kazini

Msimu huu wa baridi, ambapo wengi wetu hapa Mbeya hujifungia ndani mapema jioni, nimetazama tamthilia tatu za vichekesho kutoka Marekani, zote zikihusu watu walio kazini. Kati ya hizo, ni Abbott Elementary pekee ninayoweza kumpendekezea mtu yeyote bila kusita.

Tamthilia hiyo, iliyoanza kuonyeshwa Desemba 2021, inahusu shule ya msingi ya umma mjini Philadelphia, yenye walimu wenye moyo lakini isiyo na fedha wala vifaa vya kutosha. Mtunzi wake, Quinta Brunson, ambaye pia anaigiza kama mwalimu kijana Janine, alilelewa na mama mwalimu, na malezi hayo yanaonekana katika kila sehemu. Katika sehemu ya kwanza kabisa walimu wanahangaikia mazulia mapya ya madarasa, lakini fedha zinapopatikana, mwalimu mkuu Ava anazitumia kutengenezea bango la shule lenye sura yake mwenyewe. Niliitazama sehemu hiyo pamoja na jirani yangu anayefundisha darasa la pili hapa Uyole, naye alicheka hadi machozi, kisha akaomba tuirudie. Nadhani alicheka hivyo kwa sababu umaskini wa shule haufanyiwi mzaha hata mara moja. Kinachochekesha ni mbinu ambazo walimu hubuni ili masomo yaendelee, pamoja na kiburi cha wakubwa wasioingia darasani. Sheryl Lee Ralph, anayeigiza kama mwalimu mkongwe Barbara, alistahili kabisa tuzo ya Emmy, ile kubwa ya televisheni ya Marekani, aliyopewa mwaka 2022, kwani anaweza kumnyamazisha mtu kwa jicho tu, kama walimu waliotufundisha sisi. Kasoro ninayoiona ni mapenzi ya Janine na mwalimu mwenzake Gregory, ambayo yanavutwa kwa misimu mitatu hadi hamu ya kuyafuatilia inapungua.

Ted Lasso, habari ya kocha Mmarekani anayepelekwa Uingereza kufundisha mpira asioujua, inapendeza sana katika msimu wa kwanza, wenye sehemu za takriban nusu saa. Msimu wa tatu una sehemu zinazozidi saa nzima, na vichekesho vimepotelea humo.

The Bear ni kazi bora, na jiko lile la mgahawa wa Chicago, lenye kelele na visu, lilinikosesha utulivu kwa namna ambayo tamthilia chache zimewahi kufanya. Hata hivyo, ni habari ya mpishi anayeomboleza kaka yake aliyejiua, na sikubaliani na uamuzi wa kuipa tuzo ya Emmy ya tamthilia bora ya vichekesho Januari 2024, wakati Abbott Elementary ilikuwa miongoni mwa washindani. Kuchekesha ni kazi ngumu inayostahili tuzo yake yenyewe, na ilipaswa kwenda kwa waliochekesha.