Kizuizi cha plastiki cha tangi la kobe wa maji
Nilikinunua baada ya kumkuta kobe wangu mdogo ana jeraha bichi mkiani, na mkubwa bado anamwandama. Kigumu, na matundu yake yanapitisha maji vizuri, kwa hiyo chujio moja linatosha. Tatizo, kinaonyesha ng'ambo: mkubwa alishinda akigonga plastiki kwa pua, mdogo akagoma kula. Nikakitoa, nikakisugua kwa msasa hadi kikafifia. Siku ya tatu mdogo alipanda jiweni kuota joto, shingo kaitoa yote, miguu ya nyuma kainyoosha. Nilifurahi mno! Vile vikombe vya mpira vinavyoshika kioo ni dhaifu. Mkubwa ameving'oa mara mbili. Kila upande pia unataka taa na jiwe lake. Kwa dharura kinafaa sana. Mimi nimeshaanza kuandaa tangi la pili.