Petroli ya 91 au 95, uweke ipi kwa gari yako hapa Oman

Wengi wanadhani 95 ina nguvu zaidi, sio kweli jamani, oktani, yaani hiyo namba 91 au 95, inaonyesha tu petroli inavyohimili mgandamizo bila kujilipukia yenyewe badala ya kuwashwa na cheche ya plagi. Kwa bei 91 inashinda, tofauti ni kama baisa 10 (senti za Oman) kwa lita, tenki la lita 60 unaokoa baisa 600, na gari ya kawaida isiyo na turbo (kifaa kinachosukuma hewa zaidi kwenye injini), iliyoandikiwa 91, haipati faida yoyote ukiiwekea 95.

Ila kwenye turbo au injini ya kompresheni (mgandamizo) kubwa hapo 95 inashinda kabisa, hasa joto la Juni ukipanda mlima umejaza watu na eisii imewashwa. Nilishawahi kusikia injini inagonga mlimani, yaani petroli inajilipukia yenyewe, kama sarafu zinatikiswa kwenye kopo, ukiachia pedali ya mafuta kidogo inanyamaza. Gari za kisasa zina sensa inayosikia kugonga huko, kisha kompyuta ya gari inachelewesha cheche kuilinda injini, lakini nguvu inapungua na ulaji wa mafuta unapanda, kwa hiyo zile baisa hujaziokoa.

Usafi wa injini usiupime kwa namba, hiyo ni kazi ya viungio vya kusafishia vinavyochanganywa kwenye petroli. Fungua kifuniko cha tenki usome: ikisema 91 weka 91, ikisema 95 "inapendekezwa" na safari zako ni za mjini tu una uhuru kidogo, ikisema "lazima" weka 95.