Nimelipia kiti kwenye boti ya kutazamia resi za mashua Lamu, nikaambiwa nisimame kwa kuwa "ni wa hapa"

Wiki hii wenye boti wamenitumia ujumbe: "Mpendwa mgeni, tunatumai ulifurahia siku yako nasi. Tuachie maoni." Mgeni! Mimi kitovu changu kimezikwa Langoni, mtaa wa Lamu, ingawa siku hizi naishi Malindi kwa sababu ya kazi. Lakini maoni wameyaomba kwa mdomo wao, basi wasije wakalia.

Kwanza niwatenge wasiohusika. Sizungumzii tamasha la utamaduni lenyewe. Lile ni la mji mzima, na kutazama ni bure. Lina kasoro zake, ratiba inasema saa tatu na ngoma inaanza saa tano, lakini hayo tumeyazoea na hakuna anayetozwa pesa kwa kusubiri. Nazungumzia wale wanaouza nafasi kwenye boti ya kutazamia mashindano ya mashua. Boti ina kivuli, ina mito ya kukalia, ina juisi ya ukwaju na mtu wa kueleza yanayotokea. Jina lao silitaji. Aliyewahi kushughulika nao atawajua kwa fulana zao tu.

Mimi kwa nafsi yangu nisingetoa hata shilingi. Nililipa kwa ajili ya shangazi. Magoti yamemchoka, na pwani siku ile ni jua la saa nane, watoto wanapita kwa mbio, punda wanapita, mikokoteni inapita, mtu mzima hana pa kuegemea. Na huyu si mtu wa kuachwa nyumbani siku ya resi. Marehemu mumewe alikuwa nahodha, na yeye mwenyewe anasoma tanga kuliko wengi wetu tunavyosoma gazeti. Basi nikatuma elfu tatu na mia tano kwa kila mtu, nikapiga simu kuuliza kama kuna ngazi ya kupandia yenye kishikio, maana kuruka kutoka gatini hadi kwenye boti hawezi. "Usijali madam, tuko na kila kitu." Jioni ya kuamkia resi nikapitia kwenye meza yao kuchukua kanda za kuvaa mkononi. Za karatasi, rangi ya kijani. Shangazi akavaa yake usiku uleule na kulala nayo, asiipoteze.

Safari ya kutoka Malindi sina la kusema: basi, Garsen, Witu, Mokowe, boti, nyumbani.

Siku ya siku tukatoka mapema, tukakata vichochoro hadi pwani, shangazi na buibui lake jipya, mkono mmoja kwangu na mwingine ukipapasa kuta. Tulipofika gatini boti ilikuwa imefungwa pale, nusu imejaa. Mlangoni, yaani pale penye kamba, alisimama kijana mwenye miwani ya jua kichwani na redio ya mawasiliano mkononi. Hakusalimu. Jamani, Lamu hii, mtu mzima amefika mbele yako na huna hata shikamoo? Alimshika shangazi kifundo cha mkono, akaugeuza ule ukanda huku na huku kama anakagua kitu cha wizi, akasema:

"Kijani ni ya jana. Leo ni rangi ya chungwa."

Nikamwambia ndugu yangu, jana hakukuwa na resi za mashua. Jana walikimbia punda. Boti yenu ilikwenda kutazama punda baharini? Akaniambia mfumo ndio ulivyo. Nikamwonyesha ujumbe wa malipo. Akausoma, na nina hakika aliusoma kwa sababu midomo yake ilikuwa inatembea, kisha akarudisha simu na kutamka maneno ambayo hadi leo nikiyakumbuka naacha ninachokifanya:

"Lakini mama, nyinyi si ni wa hapa? Si mtaona tu hata mkisimama pale. Hawa wenzenu wametoka mbali."

Shangazi hakupandisha sauti. Alimwambia, "Hatukulipa kuona, mwanangu. Bahari hii nimeiona kabla mamako hajazaliwa. Tumelipa kukaa."

Yule kijana akacheka. Si kicheko cha aibu, la. Ni kile cha mtu aliyesikia kichekesho cha bibi kizee na anataka kukumbuka akawasimulie wenzake. Kisha akawafungulia kamba watu wanne waliokuja nyuma yetu, na mikononi mwao, wallahi, wawili walikuwa na kanda za kijani.

Sina neno na wageni. Wageni ndio wanaojaza vyumba, ndio wanaonunua halua kwa kilo, na mmoja wa wale waliopita, mama mmoja wa Nairobi, alituangalia kwa kweli kama mtu anayetaka kurudi nyuma atupishe. Hasira yangu ni kwa anayechukua pesa ya mwenyeji kwa bei ileile ya mgeni, halafu penye kiti anamkumbusha kuwa yeye ni mwenyeji. Mji huu umo kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2001. Sawa, hongera kwetu. Sasa wenye urithi tuwekwe wapi, ukutani? Na ile namna ya kutupanga kwa rangi, huku simama, huku pita, niliigeukia ngome pale juu, iliyokuwa jela zamani, nikasema moyoni hawa hawajaambiwa kuwa jela ilihamishwa 1984.

Haya. Mwuza viazi vya karai ndiye aliyetuokoa. Aliona yote, akanyanyuka kwenye kiti chake cha plastiki na kumkalisha shangazi karibu kabisa na ukingo, kisha akaendelea kukaanga akiwa amesimama. Hakuuliza jina. Nilinunua viazi vingi kuliko tulivyoweza kula.

Na hapa lazima niseme ukweli hata kama unawasaidia wale watu: resi zilikuwa nzuri mno. Mkondo huu kati ya Amu, yaani kisiwa chetu cha Lamu, na kisiwa cha Manda upepo wake hauna adabu. Kaskazi ilikuwa bado haijashika, kwa hivyo unavuma, unakatika, unarudi kutoka pembe nyingine. Mashua zilipokaribia tuliona mabaharia wamejipanga juu ya ubao uliotokezwa nje upande wa joshini, unakotoka upepo, migongo yao iko juu ya maji. Upepo ukilegea wote wanarudi ndani kwa kishindo, ukikaza wanatoka tena. Wengine kazi yao ni viroba vya mchanga peke yake, kuvihamisha ubavu hadi ubavu, na hiyo si kazi ya mchezo, kiroba kimelowa.

Penye boya ndipo mambo huamuliwa. Kugeuza mashua si kuvuta kamba moja ukamaliza. Ile foromali, mti mrefu unaobeba tanga, sharti ipitishwe mbele ya mlingoti hadi upande wa pili, na kwa muda huo tanga linapiga makofi hewani na chombo hakina nguvu yoyote. Iliyokuwa mbele ilifika boyani ikiwa na nafasi nzuri tu. Mimi nikaanza kushangilia. Shangazi akanishika mkono: "Bado. Huyo demani kaikaza mno, hatawahi kuilegeza." Na kweli, hiyo demani, kamba ya tanga, ilichelewa kufunguliwa, foromali ikakwama katikati, mashua ikasimama ikitikisika pale pale, na ya pili ikapita kwa ndani, karibu wagusane, mabaharia wakitukanana kwa ushairi ambao sitauandika hapa. Pwani nzima ilipasuka. Shangazi alikuwa amesimama! Magoti yaleyale. Anapiga kelele "Legeza, baa wee, legeza!" kwa watu ambao hawawezi kumsikia, na wazee waliokuwa nyuma yetu wakaanza kumuuliza yeye nani atashinda.

Kwa dakika zile ningeweza kuwapa wale watu wa boti nyota tano. Wangetupandisha, tungekuwa tumekaa kwenye mito tukielezwa na yule mtu wao wa kueleza kitu ambacho shangazi angeweza kumfundisha. Pengine walitufanyia hisani.

Hapana. Nafuta. Hisani haitozwi elfu saba.

Halafu kuna hili, na sijui nilicheke au nililie: boti yenyewe ilichelewa kung'oa. Baada ya kutufukuza walikaa pale wakiwasubiri watu waliokuwa bado wanakula kijijini Shela, hadi duru ya kwanza ikapita. Yule mama wa Nairobi tulikutana naye usiku uwanjani Mkunguni, kwenye kirumbizi, ngoma ya bakora, akatujia mwenyewe. Alisema lile la boyani hawakuliona, waliona matanga yakiwapa mgongo. Juisi ilikuwa ya moto. Lakini mito, alisema, ilikuwa laini kweli. Basi kwa uadilifu niandike: mito ni mizuri.

Usiku ule kwa jumla sina malalamiko. Zumari, ngoma, wanaume wazima wakivurumishiana bakora kwa madaha, kaimati za moto, wazee wa bao ambao hata bomu likilipuka watamaliza kwanza kete zao. Resi za punda za siku iliyotangulia nazo zilikuwa vituko vitupu: vijana wanapanda bila tandiko, na punda mmoja aliamua kusimama mbele ya duka, mpandaji akaendelea na safari peke yake. Yote hayo bila senti tano. Anayeuliza kama aje, aje. Afike pwani mapema, atafute mtu mwenye kiti, anunue viazi.

Ila nilikuwa sijafika kwenye pesa. Nilipiga simu kuomba nirudishiwe. Mwanamke aliyepokea alikuwa na sauti ya upole, akanipa pole, akasema italetwa ndani ya siku chache za kazi. Nikampenda, nasema kweli, nikaanza kufikiri labda ni yule kijana tu na kampuni haina ubaya. Siku chache zikawa nyingi. Kisha ikaja nusu. Nusu! Nikapiga kuuliza nyingine imekwenda wapi, na yule yule mwenye sauti ya upole akanisomea kwenye kompyuta: makato ya mteja kutofika.

Kutofika. Mimi niliyesimama mbele ya kamba yao, niliyeshikiwa shangazi mkono. Nikamwuliza, kama sikufika, kijana wenu alikuwa anamcheka nani? Akaniambia atalifikisha kwa wahusika. Tangu hapo simu inaita hadi inakata.

Shangazi ananiambia niache, pesa ni ya kuja na kwenda, na kwamba yeye alifurahi. Ni kweli alifurahi, anasimulia lile la boyani kwa kila anayeingia ukumbini, na kila akisimulia foromali inakwama kwa muda mrefu zaidi. Lakini yeye hakuuona ule ujumbe wa makato, sikumsomea.

Nilipoanza kuandika nilikuwa na nia ya kuwapa nyota mbili, moja ya mito na moja ya yule dada wa simu kwa ile pole ya kwanza. Sasa nimeandika hilo la kutofika kwa mkono wangu na damu imepanda upya. Moja. Wakirudisha nusu iliyobaki nitawaongezea ya pili, na ya tatu wasiote.