Siemens V20 katika karakana ya kamba: tathmini ya inveta ya mota kutoka Tanga

Anayesokota kamba za mkonge kwa mota yenye mwendo mmoja hutawaliwa na puli. Akitaka mwendo mwingine sharti azime mashine, alegeze mkanda, abadilishe puli, akaze, kisha awashe tena; na singa za mkonge hazimsubiri, kwa sababu zilizo ndefu na laini hustahimili mzunguko wa kasi, ilhali zilizo fupi hukatika mara tu mashine inapochangamka. Katika karakana yetu ndogo hapa Ngamiani, Tanga, kazi hiyo ya kubadilisha puli imekwisha tangu tulipofunga inveta ya Siemens Sinamics V20 ya kilowati 1.5. Hii si inveta ya sola: inapokea umeme wa TANESCO wa njia moja na kutoa umeme wa njia tatu ambao hezi zake (idadi ya mawimbi ya umeme kwa sekunde) mtumiaji anazipanga mwenyewe, na mota hufuata hezi hizo. Mota ya poli nne kwenye hezi 50 ina mwendo wa kinadharia wa mizunguko 1,500 kwa dakika, na kwenye hezi 30 mizunguko 900. Ninaisifu inveta hii kwa sababu moja kubwa: fundi wa kawaida anaweza kuipanga ipasavyo kwa kusoma kibati cha mota tu, kile kilichoandikwa vipimo vyake, na inveta isiyopangwa ipasavyo, hata ikiwa ghali namna gani, ni njia ya kuunguza mota polepole.

Uchaguzi ndipo wengi wanapopotea. Dukani watu huulizia kilowati au “hosipawa”, wakati kinachopaswa kutazamwa kwanza ni ampea. Mota yetu ya kilowati 1.5 ina kibati kilichoandikwa 230/400 V, na ampea takriban 6 inapofungwa delta, yaani namna ya kuunganisha nyaya zake nitakayoieleza mbele. V20 ya kilowati 1.5 kwa umeme wa njia moja inatoa ampea 7.8 mfululizo, kwa hiyo ipo nafasi ya kutosha. Kuna inveta zisizo na jina zinazouzwa kwa maandishi makubwa ya kilowati 2.2 ubavuni, na ukisoma maandishi madogo unakuta ampea zisizofikia hata za mota ya kilowati 1.5, hizo ziachwe dukani. Vilevile inafaa kukumbuka kwamba inveta ya njia moja huvuta kwenye laini ampea nyingi kuliko zile inazoipa mota, kwa kuwa nguvu yote inapitia njia moja, hivyo waya na sakiti breka huchaguliwa kwa jedwali la umeme unaoingia, si kwa kibati cha mota.

V20 ya volti 230 inaishia kilowati 3. Mwenye mota kubwa zaidi atahitaji ile ya volti 400, inayofika kilowati 30, na hiyo inataka laini ya njia tatu. Wenye mashine za kukunia nazi nao wanauliza sana kama inveta hii itawafaa. Nyingi ya mashine hizo zina mota ya njia moja yenye kapasita, na mota ya namna hiyo haifungwi kwenye inveta hii kabisa; anayetaka kubadili mwendo wake abadili mota kwanza.

Jambo la pili ni kisanduku cha nyaya juu ya mota, na hapa naomba msomaji anivumilie, maana ndipo mota nyingi zinapodhulumiwa. Ukifungua kifuniko unaona skrubu sita katika safu mbili: U1, V1, W1 kwenye safu moja, na W2, U2, V2 kwenye safu ya pili. Mota zetu nyingi zilikuwa zikitumika kwenye volti 400, kwa hiyo vipande vya shaba vimelazwa kuunganisha skrubu tatu za safu moja, yaani sta. Inveta inayopokea volti 230 haiwezi kutoa zaidi ya volti 230, na mota iliyoachwa kwenye sta itazunguka bila nguvu, itavuta umeme mwingi ikibebeshwa mzigo, na itapata moto. Vipande vile vitatu visimamishwe, kila kimoja kiunganishe skrubu ya juu na ya chini yake. Hiyo ndiyo delta. Mota iliyoandikwa 400/690 V haifai kwa inveta ya njia moja hata ikifungwa delta.

Upangaji wa V20 umetengenezwa na watu wanaojua kwamba si kila fundi amekaa darasani na kitabu chake. Ukiiwasha mara ya kwanza inauliza kama unatumia hezi 50 au 60, halafu inakupeleka kwenye orodha ya maandalizi. Unajaza volti za mota (P0304), ampea (P0305), kilowati (P0307), hezi (P0310) na mizunguko (P0311), zote zikiwa zimeandikwa kwenye kibati. Ampea zijazwe zile za delta, kwa sababu ndizo inveta inazotumia kukadiria joto la mota na kuilinda. Baada ya hapo unachagua namna ya kuunganisha: Cn001 ukitaka kuendesha kwa vitufe vyake, Cn002 ukitaka swichi ya nje na kitasa cha kuongeza na kupunguza mwendo. Sisi tunatumia Cn002, kwa kuwa msokotaji anatakiwa awe na swichi karibu na mkono wake wala asiondoke kwenye kamba. Kisha P1900 ipewe 2, ili inveta ipime nyaya za ndani ya mota ikiwa imesimama. Unaona alama ya onyo kwa muda mfupi wakati kipimo kinaendelea, na ikiondoka kazi imekwisha. Hatua hiyo ya mwisho mafundi wengi huiruka, nami nasisitiza isirukwe, kwani inaboresha nguvu ya mota kwenye mwendo wa chini, yaani pale hasa tunapoihitaji.

Muda wa kupanda mwendo (P1120) na wa kushuka (P1121) vyote vinatoka kiwandani vikiwa sekunde 10. Kwa kusokota, kupanda kwa sekunde 10 kunafaa, maana singa hazishtuliwi. Kushuka kunategemea uzito wa kinachozunguka. Mashine nzito ikilazimishwa kusimama haraka, mota inageuka jenereta na kurudisha umeme ndani ya inveta, volti za ndani zinapanda, na inveta inajizima kwa kuonyesha F2. Dawa ya kwanza ni kurefusha muda wa kushuka. Wanaohitaji kusimama ghafla kila mara wafahamu kwamba saizi ndogo za V20 hazina kifaa cha breki ndani yake. Moduli ya breki na rezista yake vinanunuliwa kando.

Mwendo wa chini una gharama yake. Feni ya mota imefungwa kwenye shafti, kwa hiyo mota ikienda nusu mwendo nayo inapuliza kidogo, ilhali mzigo wa kamba haupungui. Nimeweka kima cha chini, P1080, kiwe hezi 25, na kima cha juu, P1082, kibaki 50. Anayelazimika kushuka zaidi ya hapo kwa saa nyingi aiwekee mota feni ya pembeni au abadilishe uwiano wa puli. Kwa kazi zinazodai nguvu kubwa kwenye mwendo mdogo mno, kama vile winchi, V20 si chaguo langu, kwa sababu udhibiti wake ni wa uwiano wa volti na hezi, hauna ule wa vekta unaopatikana kwenye inveta za daraja la juu.

Wauzaji hupenda kusema kwamba inveta itapunguza LUKU kwa nusu. Kwa pampu na feni kuna ukweli: nguvu inayohitajika hupungua kwa mchemraba wa mwendo, hivyo feni ikipunguzwa hadi asilimia 80 ya mwendo wake inahitaji takriban asilimia 51 ya nguvu. Mashine ya kamba haiko hivyo. Ukipunguza mwendo kwa nusu, nguvu inapungua karibu nusu, lakini na kamba unayopata kwa saa inapungua nusu, kwa hiyo uniti za kila mita zinabaki karibu zilezile. Faida yetu iko kwingine: kamba hazikatiki ovyo, na mota haivuti tena ule mkondo wa kuwaka moja kwa moja ambao huwa mara tano hadi nane ya ampea zake, na ambao ulikuwa ukififisha taa za nyumba ya jirani.

Kwa Tanga, adui ni hewa ya chumvi na vumbi la mkonge. V20 ina kinga ya IP20, maana yake haizuii vumbi wala maji, na inafanya kazi bila kupunguziwa mzigo hadi nyuzijoto 40 za hewa inayoizunguka. Ndani ya kabati la bati lililobanwa, joto hilo linafikiwa mapema. Iachiwe milimita 100 juu na chini, kabati liwe na feni na kichujio, na lifungwe mbali na mahali singa zinapopigwa brashi. Vumbi la mkonge halikai kama unga; linajisokota kati ya mbavu za kupoozea joto na kuwa kama kipande cha blanketi, na hewa haipiti tena. F4, yaani onyo kwamba inveta imezidi joto, ikijitokeza mchana wa kaskazi, anza kutazama hapo kabla hujagusa mpangilio wowote.

Katika usafi huo na katika kila kazi ya nyaya, umeme ukizimwa kwenye breka subiri dakika tano kabla ya kufungua, kwa sababu kapasita za ndani zinaweza kuwa bado na volti za hatari hata kioo kikiwa kimezimika. Ethi ya mota irudi kwenye skrubu ya ethi ya inveta yenyewe. Mashine iwashwe na kuzimwa kwa swichi ya amri, ile ya nje ya Cn002, si kwa breka, na pasiwekwe swichi ya kukata kati ya inveta na mota ikiwa inazunguka.

Kioo chake kinaonyesha namba na herufi chache tu, kwa hiyo kitabu kiwe karibu. Sisi tumeandika mipangilio yetu yote kwenye karatasi na kuibandika ndani ya mlango wa kabati. Kwa karakana yenye umeme wa njia moja na mota isiyozidi kilowati 3, sijaona sababu ya kutafuta inveta ya bei kubwa zaidi ya hii.