Nimejaribu Substack, Ghost na Buttondown kwa barua zangu za uongozi wa mainjinia, nimebaki na hii

Assalaam aleikum jamani, karibuni tena, leo niko nyumbani Lamu, juu darini, mkisikia punda msishtuke, jirani ana punda wawili wa kubeba mchanga na saa hizi ndiyo wanarudi.

Sasa. Mnajua mimi naongoza timu ya mainjinia wa programu, watu sita, mmoja yuko Malindi, wawili Mombasa, waliobaki Nairobi. Na tangu mwaka jana nimekuwa naandika barua pepe kila baada ya wiki mbili kuhusu hiyo kazi ya kuongoza, yaani unaajiri vipi, unamwambia vipi mtu kazi yake haijafika pale panapotakiwa, nani anaamshwa saa nane usiku seva, yaani zile kompyuta zinazoendesha mfumo, zikianguka. Mmeniuliza sana natumia chombo gani cha kuandikia na kuzituma na kama nanyi mwaweza kuanza. Nimetumia vitatu, kila kimoja miezi kadhaa na wasomaji wa kweli, kwa hiyo nitawaambia nilichokiona.

Tuanze na Substack kwa sababu ndiyo wengi mnaijua, iko tangu 2017. Kufungua ni dakika ishirini, chai yako haijapoa ushaandika barua ya kwanza. Hulipi kitu ukiandika bure, ukianza kutoza wasomaji wanachukua asilimia 10, na juu yake kuna makato ya Stripe, kampuni inayopitisha malipo ya mtandaoni. Raha yake ni kwamba watu wanakuona, mwandishi mwingine anakupendekeza kwa wasomaji wake, unaamka asubuhi una majina mapya usiyoyajua. Gergely Orosz, yule aliyekuwa meneja wa mainjinia kule Uber, alianzia hapo 2021 akiandika mambo haya haya na leo ndiyo kazi yake, kwa hiyo msiseme watu hawasomi habari za mameneja, wanasoma.

Lakini hapo kwenye kutoza sikilizeni vizuri, kwa sababu hili hakuna anayetwambia sisi wa huku. Malipo ya wasomaji Substack yanapita Stripe. Ghost pia Stripe. Buttondown pia Stripe. Na Stripe haifungui akaunti kwa biashara ya Kenya moja kwa moja, walinunua Paystack, kampuni ya malipo ya Nigeria, mwaka 2020 na Paystack hapa inafanya kazi, mpaka M-Pesa inapokea, ila hivi vyombo vitatu vyenyewe vimejengwa juu ya Stripe. Kwa hiyo kama umekaa unapiga hesabu watu mia mara shilingi mia tano, ngoja kwanza. Mimi barua yangu ni bure na nimeridhika, kazi inayonilisha ni ile nyingine.

Ghost nayo ni ya watu wanaopenda kushika kitu chao wenyewe. Ilianza 2013, ni ya shirika lisilogawana faida, programu yenyewe iko wazi unaweza kuipakua ukaiweka kwenye seva yako, na hawachukui hata senti kwenye malipo ya wasomaji wako. Sura yake ni nzuri sana, nzuri kuliko zote tatu, hilo sibishani na mtu. Ila ukiiweka mwenyewe unajiajiri kazi ya pili, seva iangaliwe, masasisho yafanywe, na kutuma barua kwa watu wengi lazima uiunganishe na Mailgun, huduma ya kutuma barua pepe kwa wingi, ambayo nayo ina bili yake. Mchana kutwa nashughulika na seva za kazini halafu usiku nikashughulike na ya barua, hapana, nilichoka mwezi wa tatu. Ukilipia wakuwekee wao ni sawa, lakini kwa mtu anayeanza na wasomaji thelathini naona ni kununua jahazi la kwendea Shela, pahali unapofika hata kwa miguu.

Buttondown ndiyo niliyobaki nayo. Haina madoido. Unafungua kuna pahali pa kuandika, unaandika, unatuma, basi. Wasomaji 100 wa kwanza ni bure, mimi nimepita mia mbili kwa hiyo nalipia kila mwezi. Na barua inayotoka ni nyepesi, na hili la wepesi nataka nilikalie kidogo.

Barua zangu za mwanzo nilikuwa natia picha za skrini, kila kipande cha programu picha, kila mchoro picha, moja ilifika megabaiti mbili. Msomaji mmoja wa Faza akaniandikia, kaka barua yako imenimalizia bando. Wallahi niliona haya. Mtu ananunua bando la shilingi ishirini asome uliyoandika halafu wewe unamtumia picha ya maneno ambayo ungeyaandika tu! Tangu siku ile natuma maandishi matupu, mchoro mmoja ukilazimu. Na jueni Gmail ikiona maandishi na mapambo yake yamezidi kilobaiti 102 inaikata katikati, chini anaachiwa linki ya kusoma yote, na wengi hawaibonyezi. Kwa hiyo zile tempeleti zenye marangi zinakula nafasi yako bure.

Jambo lingine la haraka, chukua domeni yako mwenyewe, yaani jina lako la mtandaoni, na uweke SPF, DKIM na DMARC, rekodi zinazothibitisha kwamba barua imetoka kwako kweli, kuanzia Februari 2024 Gmail wanazidai kwa wanaotuma barua elfu tano kwa siku kwenda juu, na Yahoo kwa wanaotuma kwa wingi, mimi na wewe hatujafika huko ila ziweke tu, barua isiangukie kwenye spamu. Na asilimia ya waliofungua msiiamini, tangu 2021 programu ya barua ya Apple inaweza kuipakua barua hata kama mwenyewe hajaigusa, ikahesabiwa imefunguliwa. Mimi nahesabu waliojibu.

Sasa nije kwenye lililonifundisha zaidi ya vyombo vyote. Barua ya nne niliandika kuhusu usiku ambao mfumo wetu ulianguka, nikaeleza kijana aliyekuwa zamu alivyobabaika. Jina sikutaja. Lakini timu ina watu sita, na niliandika kwamba alijiunga Januari. Nani hamjui? Asubuhi akanipigia, sauti yake iko chini kabisa, akaniambia, bosi nimeisoma, mama yangu pia ameisoma. Nikafuta ule ukurasa papo hapo, lakini barua pepe ikishatoka imetoka, hairudi tena. Nilimwomba radhi kwenye simu, na wiki ile ile nikapanda basi mpaka Mombasa nikamwomba ana kwa ana.

Tangu hapo chombo chochote nakipima kwa kitu kimoja, ile barua ya majaribio kabla ya kutuma. Vyote vitatu wanayo. Najitumia mimi, halafu naipeleka kwa kila mtu ninayemtaja hata kwa mbali, akisema ondoa naondoa. Na kisha naisoma kwa sauti. Ami yangu ni fundi wa majahazi Matondoni, hajui seva ni nini, namsomea yeye. Kuna siku nilimsomea barua kuhusu Melvin Conway, mtaalamu wa kompyuta aliyeandika 1968 kwamba mfumo unaojengwa na kundi la watu huishia kufanana na wanavyozungumza hao watu. Nilikuwa nimezungusha maneno aya tatu nzima. Ami akaacha randa yake akaniuliza, kwani mafundi wawili wasiosemezana wanaunda jahazi gani? Ubavu huu juu, ubavu huu chini. Nikafuta aya zote tatu nikaweka jahazi lake, na ndiyo barua iliyojibiwa kuliko zote, na kutoka hapo tuliwaunganisha wale wawili wa Mombasa na wa Malindi wakawa na kikao kimoja badala ya viwili.

Kwa hiyo ukinibana nichague, anza na Buttondown, kama huna hata mtu mmoja wa kukusoma na unataka wakuone basi Substack, na Ghost ukiwa na pesa au una hamu ya kulea seva. Vyote vitatu vinakuruhusu kuitoa orodha ya wasomaji wako kama faili ya CSV, jedwali la kawaida tu, ukahamia kwingine, mimi nimehama mara mbili. Itoe kila mwezi uiweke kwako.

Mimi natuma Alhamisi jioni kwa sababu Ijumaa huku ni siku fupi. Ya wiki hii ni kuhusu kumwongoza mtu anayekuzidi umri, na yule kijana wa zamu ndiye anayeipitia, ameniambia aya ya pili bado ni ndefu, acha nikaikate kabla stima haijapotea.